Akiba isiyokaguliwa: makosa ya volumu na uhakiki wa nakala katika sanduku la diski la nyumbani

0. Utangulizi

Waswahili husema kwamba akiba haiozi. Methali hiyo yasifu tabia ya kuweka, lakini haisemi lolote juu ya kukikagua kilichowekwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, katika hifadhi ya data, akiba huoza, tena huoza kimyakimya, na kwamba mtafiti asiyejua kuikagua hana akiba bali ana matumaini tu.

Jambo hili lawahusu hasa wale wanaoshughulikia lugha. Mkusanyo wa sauti na maandishi ndio shamba la mwanaisimu. Tukumbuke kwamba kanda ambazo Johannes Fabian alirekodi mjini Lubumbashi katika miaka ya 1973 na 1974, akizungumza kwa Kiswahili na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ndizo zilizozaa kitabu kilichochapishwa mwaka 1996. Ni zaidi ya miaka ishirini kati ya sauti na kitabu. Kama kanda zingalipotea katika muda huo, hakuna safari ya pili ambayo ingaliweza kuyarudisha mazungumzo yale kama yalivyokuwa. Vivyo hivyo, msimulizi aliyerekodiwa leo akiwa na umri wa miaka themanini hatarekodiwa tena baada ya miaka kumi.

Siku hizi kanda zimeachwa, na sauti huwekwa katika faili. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa kwa njia mbili, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila sampuli, hujaza takriban gigabaiti 1. Saa 300 za usimulizi ni gigabaiti 300 na ushei. Hivyo watafiti wengine hununua kifaa ambacho mafundi hukiita NAS: sanduku dogo lenye diski mbili, nne au zaidi, lenye kompyuta yake ndani, linalounganishwa na mtandao wa nyumba ili kila kompyuta ya nyumbani iweze kusoma na kuandika humo. Katika makala haya tutaliita sanduku la diski, au sanduku tu.

Tutaanza na istilahi, kisha tutaeleza jinsi hifadhi ilivyojengwa, halafu tutaonyesha la kufanya volumu inapotangaza kosa, na mwisho tutaeleza namna ya kuhakiki nakala.

1. Istilahi chache na hatari zake

Istilahi ya kwanza ni volumu. Hili ni eneo la hifadhi ambalo mtumiaji huliona kama kitu kimoja, hata kama chini yake mna diski nyingi. Mtu huona folda zake ndani ya volumu, wala haoni diski.

Ya pili ni safu ya diski, yaani mpango ambao mafundi huuita RAID, ulioelezwa na Patterson, Gibson na Katz wa chuo kikuu cha Berkeley katika makala ya mwaka 1988. Katika safu ya namna ya kwanza, RAID 1, diski mbili huandikwa mambo yaleyale, kwa hiyo wengi huiita kioo. Katika RAID 5, diski tatu au zaidi hugawana data pamoja na hesabu ya ziada, ambayo huwezesha kuyapata tena yaliyokuwa katika diski moja iliyokufa.

Neno kioo lina hatari yake. Msomaji adhaniaye kwamba kioo ni nakala ya akiba amekosea maana. Kioo huonyesha lililopo mbele yake, na mwenye sura akiondoka, sura nayo huondoka. Ukifuta faili katika safu, imefutwa katika diski zote wakati uleule. Safu hukinga dhidi ya kifo cha diski moja, lakini haikingi dhidi ya mkono uliokosea, mwizi, radi, moto au programu ya wahalifu.

Ya tatu ni kitenzi kuhifadhi chenyewe. Kwa Kiswahili tunakitumia kwa kuandika faili katika diski na pia kwa kuitunza kwa miaka mingi. Vitendo hivi ni viwili. Cha kwanza huchukua sekunde, na cha pili ni kazi isiyokwisha. Kwa sababu hiyo tutatumia nakala ya akiba kwa maana moja tu: nakala iliyo katika kifaa kingine, isiyobadilika papo hapo ya asili inapobadilika, na ambayo imekwisha kuthibitika kwamba yaweza kurudishwa.

Ya nne ni muhuri wa faili, jina tunalolipendekeza kwa tarakimu zinazopatikana kwa kuipitisha faili nzima katika hesabu maalumu. Hesabu inayotumika sana leo ni SHA-256, ambayo hutoa alama 64. Biti moja ya faili ikibadilika, muhuri hubadilika wote. Faili mbili zenye muhuri mmoja zaweza kuhesabiwa kuwa faili ileile.

2. Orofa za hifadhi

Hifadhi ya sanduku ni kama nyumba ya orofa. Chini kabisa mna diski zenyewe, pamoja na waya na umeme. Juu yake mna safu. Juu ya safu mna volumu, na ndani ya volumu mna mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga majina, folda na vipande vya data. Mifumo inayoonekana mara nyingi ni ext4, Btrfs na ZFS. Juu kabisa ziko folda na faili za mtumiaji.

Ujumbe wa kosa kwa kawaida hutaja orofa ya volumu, kwa kuwa ndiyo mtumiaji anayoijua. Lakini chanzo chaweza kuwa katika orofa yoyote. Waya uliolegea, diski inayokufa, umeme uliokatika katikati ya kuandika na volumu iliyojaa vyaweza kuleta maneno yaleyale katika kioo cha kompyuta. Ndiyo sababu mtu anayekimbilia kutengeneza volumu kabla ya kuzichunguza orofa za chini huweza kuharibu kilichokuwa kizima.

3. Volumu inapotangaza kosa

3.1. Mambo ya kuacha

Hatua ya kwanza ni kutotenda. Data nyingi hupotea baada ya kosa, kwa haraka ya mwenye nazo. Kwa hiyo:

(a) Usiandike kitu chochote kipya katika volumu, na simamisha kazi zote za kunakili zinazojiendesha. Kazi hizo zaweza kuuchukua uharibifu na kuupeleka katika nakala iliyo nzima.

(b) Usikubali pendekezo la kuunda upya volumu wala la kuanzisha diski upya, hata kama sanduku lenyewe ndilo linalopendekeza. Maneno hayo maana yake ni kufuta.

(c) Usichomoe diski kuona itakuwaje. Katika safu ya RAID 5 iliyokwisha kupoteza diski moja, kuchomoa ya pili ni kuiangusha volumu nzima. Ikibidi kuzitoa, zima sanduku kwanza, na uandike juu ya kila diski namba ya nafasi yake.

(d) Nakili ujumbe neno kwa neno pamoja na saa, au upige picha. Fundi atakayekusaidia atauliza jambo hilo kwanza.

3.2. Kusoma dalili

Baada ya hapo tutofautishe hali nne.

Hali ya kwanza ni volumu iliyopungukiwa. Diski moja imetoka katika safu, lakini data zote zasomeka. Hii si msiba, ila ni onyo kwamba kinga imekwisha. Kazi ya kwanza hapa ni kunakili yale ya thamani, kwanza yasiyo na nakala mahali pengine. Kubadili diski huja baadaye.

Hali ya pili ni volumu iliyoanguka: diski nyingi kuliko kinga zimetoka, na data hazifikiki. Ikiwa nakala ya akiba ipo na imehakikiwa, jibu ni kubadili diski, kuunda volumu mpya na kurudisha data. Ikiwa haipo, jibu ni kuzima sanduku na kumtafuta mtaalamu wa kuokoa data. Kila jaribio la nyumbani hupunguza uwezekano wake wa kufaulu.

Hali ya tatu ni volumu inayosomeka lakini haiandikiki. Mara nyingi mfumo wa faili umegundua utata ndani yake ukajifunga ili usiongeze madhara. Kujifunga huko ni hisani, na ni nafasi ya kunakili.

Hali ya nne ni volumu iliyojaa. Hapa mtumiaji hufuta faili kubwa na kushangaa kuona nafasi haiongezeki. Sababu ni kwamba katika mifumo kama Btrfs na ZFS sanduku huweza kuweka picha za wakati, yaani kumbukumbu ya hali ya folda katika saa fulani. Faili iliyofutwa huendelea kushikwa na picha hizo, na nafasi yake hairudi mpaka picha za zamani nazo ziondolewe.

Ili kujua chanzo, tusome daftari la afya ambalo kila diski huliandika juu yake yenyewe, liitwalo SMART. Katika diski za sumaku mistari minne yatosha kwa kuanzia. Mstari wa 5 huhesabu sekta zilizohamishwa kwa kuwa zimeharibika, wa 197 sekta zinazotiliwa shaka, na wa 198 sekta zilizoshindwa kusomeka. Hesabu hizi zikipanda wiki kwa wiki, diski iko njiani kufa. Mstari wa 199 ni wa namna nyingine, maana huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na sanduku. Ukipanda peke yake, chunguza waya na mahali diski inapochomekwa kabla ya kununua diski mpya.

Hata hivyo daftari safi si hati ya uzima. Uchunguzi ambao Google iliutoa mwaka 2007, juu ya diski zaidi ya 100,000, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha alama yoyote katika dalili nne zilizokuwa na nguvu zaidi. SMART yaweza kutangaza ugonjwa, lakini ukimya wake hauthibitishi afya.

3.3. Kubadili diski na swali la umeme

Diski mpya lazima iwe na ukubwa sawa na ile ya kwanza au zaidi. Ikiingizwa, sanduku husoma diski zilizobaki mwanzo hadi mwisho ili kuijaza. Tupige hesabu: diski ya terabaiti 8, ikijazwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, huhitaji takriban saa 15, tena bila mtu kulitumia sanduku. Katika saa hizo diski zilizobaki, ambazo pengine zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, hufanya kazi kuliko siku zote. Hapo ndipo ya pili hufa.

Katika miji yetu pana jambo la kuongeza. Saa 15 za umeme usiokatika si jambo la kudhaniwa tu. Onduleri ndogo haiwezi kulitunza sanduku kwa muda huo, wala si kazi yake. Kazi yake ni kuzuia mishtuko ya umeme na kulipa sanduku dakika chache za kujizima kwa utaratibu. Lazima basi onduleri iunganishwe na sanduku kwa waya wa mawasiliano, na sanduku lielekezwe kujizima betri inapopungua. Onduleri isiyounganishwa hivyo huchelewesha tu kuzimika kwa ghafula. Masanduku mengi huendelea na ujazaji pale ulipoishia au huuanza upya umeme urudipo. Lakini kila kukatika ni hatari, na kwa hiyo nakala itangulie ujazaji.

3.4. Kutengeneza mfumo wa faili

Ikiwa diski na safu ni nzima na kosa liko katika mfumo wa faili, kuna programu za kutengeneza, kama fsck kwa ext4. Programu hizo hutafuta upatano wa mfumo, hata kwa kutupa vipande visivyoeleweka. Yaani zaweza kukuachia mfumo ulio sahihi na faili zilizopungua. Kwa Btrfs, tengenezo la nguvu ni la hatari zaidi, na halifai kujaribiwa bila ushauri wa mjuzi. Kanuni ni moja: nakili kwanza, tengeneza baadaye.

4. Kuhakiki nakala

4.1. Mafunzo mawili ya hadhara

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa makosa data za kanzi kuu ya kampuni. Ilipotafutwa akiba ya kila siku, ilionekana haipo, kwa kuwa programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilopatana na kanzi na ilikuwa ikishindwa. Barua za kutangaza kushindwa huko nazo zilikuwa zikikataliwa njiani, hata hakuna aliyezisoma. Kampuni iliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa saa 6 hivi kabla kwa kusudi jingine, na data za saa hizo zilipotea.

Mwezi wa Desemba 2021, katika chuo kikuu cha Kyoto, Japani, programu ya nakala yenyewe ndiyo iliyofuta. Kwa kosa la kuisahihisha ilipokuwa ikiendelea kufanya kazi, sehemu iliyokusudiwa kuondoa kumbukumbu za zamani za matukio ilifuta faili za watafiti. Zilifutwa terabaiti 77 hivi, faili zipatazo milioni 34, za makundi 14 ya utafiti.

Mifano hii yafundisha mambo mawili. Ukimya wa sanduku si habari njema, na chombo cha kunakili chaweza kuwa chanzo cha hasara. Ikiwa mashirika yenye wahandisi yamepatwa na hayo, mtafiti mwenye sanduku moja sebuleni hana sababu ya kujiona salama.

4.2. Maswali manne

Kuhakiki nakala ni kujibu maswali manne kwa mfuatano.

Swali la kwanza: nakala ipo, na ni ya lini? Usiridhike na alama ya kijani. Fungua nakala yenyewe, utafute faili uliyoiandika wiki hii.

Swali la pili: imekamilika? Linganisha idadi ya faili na jumla ya baiti upande huu na ule. Tofauti ndogo mara nyingi hutokana na folda iliyoongezwa baada ya kazi ya kunakili kupangwa, ambayo haikuingizwa katika orodha. Kwa kawaida folda hiyo ndiyo mpya kuliko zote, na ndiyo isiyo na nakala mahali pengine.

Swali la tatu: ni ileile? Hapa ndipo muhuri unapotumika. Programu kama sha256sum huandika katika faili ya maandishi muhuri wa kila faili ya mkusanyo. Ukiipeleka orodha hiyo kwenye nakala na kuamuru ulinganisho, utaambiwa ni ipi iliyobadilika na ipi isiyopo. Kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, mkusanyo wetu wa saa 300 husomwa wote kwa chini ya saa moja. Jambo la msingi ni kwamba muhuri uchukuliwe mapema, siku ile sauti inapotoka katika kinasa sauti. Muhuri uliochukuliwa baada ya faili kuharibika hushuhudia uharibifu kana kwamba ni asili.

Btrfs na ZFS huweza kujiwekea muhuri wa kila kipande cha data, na sanduku laweza kuamriwa kuzikagua zote. Kipande kibovu kikipatikana, hurudishwa kutoka upande wa pili wa safu. Mfumo wa ext4 hauweki muhuri wa data. Tena, katika baadhi ya masanduku muhuri huchaguliwa wakati wa kuunda folda, na folda isiyochaguliwa hubaki bila kinga hiyo. Ukaguzi huu wa ndani ni mwema, lakini hauchukui mahali pa orodha ya mihuri, kwa maana haulinganishi sanduku na nakala iliyo nje yake.

Swali la nne: yaweza kurudishwa? Chukua kompyuta nyingine ambayo haijapata kuunganishwa na sanduku, urudishe faili kadhaa kutoka nakala, uzifungue, usikilize mwanzo, katikati na mwisho. Jaribio hili hufichua mambo ambayo muhuri hauyaoni: neno la siri la nakala iliyofungwa ambalo hakuna alijuaye, programu isiyopatikana tena, au faili ambayo ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Lakini jaribio la faili chache lisichukuliwe kuwa ushahidi wa zote. Ikiwa faili 10 katika kila 100 ni mbovu, kuchagua 30 kwa bahati nasibu na kukuta zote nzima kutatokea mara 4 tu katika 100. Ikiwa mbovu ni 1 katika 100, kutatokea mara 74 katika 100. Kwa hiyo muhuri hukagua zote, na jaribio la kurudisha hukagua njia yenyewe. Moja halitoshi bila jingine.

4.3. Mpangilio na ratiba

Kanuni ijulikanayo kwa tarakimu 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh, yasema: ziwe nakala tatu, katika vifaa vya namna mbili, na moja iwe mahali pengine. Kwa mtafiti wetu yatosha sanduku nyumbani, diski ya nje iliyofungiwa kabatini, na diski nyingine kwa mwenzake au katika idara. Diski ya kabatini isiachwe imechomekwa. Mwezi wa Januari 2022 programu ya wahalifu iitwayo DeadBolt ilifunga faili katika masanduku ya QNAP yaliyokuwa wazi kwenye intaneti, ikadai fedha. Diski isiyounganishwa haifikiwi na programu ya namna hiyo.

Kuhusu ratiba, twapendekeza hivi: kila wiki, kusoma ripoti ya kunakili na kuhakikisha kwamba ripoti yenyewe imefika, kila mwezi, kusoma SMART na kukagua safu, kila miezi mitatu, kulinganisha mihuri ya nakala zote, kila miezi sita, jaribio la kurudisha. Kila tendo liandikwe katika daftari la karatasi pamoja na tarehe na jina la aliyelifanya. Daftari halihitaji umeme, na atakayerithi mkusanyo atalisoma kabla ya kuwasha sanduku.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba kosa la volumu ni jina la jumla kwa maradhi ya orofa mbalimbali, na kwamba mganga mwema hutazama kabla ya kutibu. Tumeona pia kwamba safu si akiba, na kwamba nakala isiyojaribiwa ni dhana tu.

Kwa wanaisimu jambo hili si la ufundi peke yake. Tunawafundisha wanafunzi kunukuu kwa usahihi, kutaja msimulizi, mahali na tarehe, na kutobadili hata silabi moja ya matini. Uaminifu huo hauna maana ikiwa faili yenyewe imebadilika bila mtu kujua. Inafaa basi kila tasnifu inayojengwa juu ya sauti iwasilishwe pamoja na orodha ya mihuri ya sauti hizo, na idara itunze nakala moja. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, bali saa chache na mtu mmoja aliyepewa jukumu kwa jina lake.